Kwa nini shujaa wa RPG kila mara anaamka hajui kitu? Natafuta njia nyingine ya kuielezea dunia ya gemu

Nguchiro_Tz

Wakuu habari za muda huu. Nina swali kwa mnaocheza RPG za kompyuta, yani gemu za hadithi ambazo unaishi kama mhusika fulani, hasa zile za kusoma sana, na kama kuna anayetengeneza gemu humu ndani atanisaidia zaidi.

Natengeneza gemu ndogo kwa Godot, ile programu ya kutengenezea gemu, maandishi mengi picha chache, mambo yanatokea kwenye mji wa bandari niliotunga mwenyewe. Mji una koo tatu zinazogombania forodha, ukoo wa Kasa, wa Nguru na wa Pweza, kuna dini mbili, kuna vita iliyoisha kabla mchezaji hajazaliwa ila watu bado wananuniana kwa ajili yake. Yote nimeshayaandika kwenye daftari, nayajua mpaka bei ya chumvi. Shida ni mchezaji. Anaingia hajui chochote, na mhusika anayemwendesha ni mwenyeji wa pale pale, kazaliwa pale, kwa hiyo haiingii akilini amuulize jirani yake eti huku mnaabudu nini.

Nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza mhusika anaamka kapoteza kumbukumbu, kila kitu anauliza na hakuna anayemshangaa. Ya pili gemu inaanza na mzee anasimulia historia ya mji, skrini nne tano za maandishi, halafu ndo unaanza kutembea. Hiyo ya pili rafiki zangu niliowapa wajaribu wanabonyeza spesi mpaka yaishe. Ya kwanza naona imetumika mno, Planescape: Torment ya 1999 shujaa hana kumbukumbu, The Witcher ya kwanza ya 2007 Geralt hana kumbukumbu, Disco Elysium ya 2019 tena mpelelezi kalewa mpaka kasahau jina lake. Hivi kweli hakuna njia nyingine? Na kama hii ni mbinu ya wavivu, mbona Torment na Disco watu wanazitaja kila mara kwenye gemu bora za kusoma?

---

Binti_Sigil

Nguchiro ndugu yangu, hapo kwenye uvivu nakupinga. Kusahau kunakuwa uvivu pale mwandishi anapokutumia kusahau ili uulize maswali tu, akishamaliza kukueleza na kusahau kwenyewe kunasahaulika. Torment haifanyi hivyo kabisa.

Unaamka juu ya meza ya maiti kwenye Mortuary, nyumba ya kuhifadhia wafu. Fuvu linaloelea linaitwa Morte linaanza kukupigia domo, halafu linakusomea maneno yaliyochanjwa mgongoni mwako, kwa sababu mgongo wako mwenyewe huwezi kuuona. Maneno yale ni ujumbe kutoka kwako wewe wa zamani. Yanakwambia mtafute mtu anaitwa Pharod, na yanakuonya usimwambie mtu yeyote wewe ni nani. Sasa angalia, dakika chache tu umeshapewa kazi, umeshapewa hofu, umeshajua hii si mara yako ya kwanza kusahau, na aliyekusomea baadaye utakuja kugundua anajua mengi kuliko anayosema. Mji wa Sigil bado hujaelezwa ni kitu gani na wala hutaki kuelezwa, unataka kutoka humo ndani ukiwa hai.

Halafu kabla hujatoka unakutana na mzimu wa mwanamke, Deionarra, anakwambia anakupenda. Humjui. Gemu inakupa nafasi ya kumwambia ukweli au kumdanganya kwamba unamkumbuka. Mimi pale nilikaa naangalia skrini muda mrefu, maana jibu lolote utakalotoa unamuumiza mtu, na ukiendelea mbele unajua yule wewe wa zamani alimfanyia nini. Kwa hiyo kusahau ndo gemu yenyewe, madeni ni ya mtu ambaye ni wewe na humkumbuki. Ukikitoa hicho Torment haipo.

Disco nayo angalia mwandishi alichokifanya. Wewe umeandika kwamba mhusika wako anauliza "na hakuna anayemshangaa". Kule Martinaise, mtaa ambao gemu inatokea, wanamshangaa kweli kweli! Mpelelezi anauliza pesa ni nini, anauliza tuko nchi gani, na mwenzake Kim Kitsuragi amesimama hapo pembeni anasikia kila swali. Kila ukiuliza jambo la kitoto unajua heshima ya kazi inaondoka. Ndo maana maswali yale yana utamu, mchezaji anapima kwanza, niulize nijue au ninyamaze nisiaibike. Kwa hiyo kama utatumia kusahau, watu wako wa bandari wamshangae, wamcheke, wamwibie hata.

---

Kibao_cha_Kale

Habari wakuu. Mimi ni wa zamani kidogo, niruhusuni nirudi nyuma maana tatizo la huyu kijana ni la siku nyingi sana.

Gemu za miaka ya 80 zilikuwa zinakaa kwenye diski laini ambazo hazina nafasi, maandishi marefu yalikuwa hayaingii. Pool of Radiance ya SSI, 1988, ilikuja na kijitabu cha karatasi. Unafika mahali, gemu inakwambia soma ingizo namba fulani, unafungua kijitabu unasoma, unarudi kwenye skrini. Wasteland ya mwaka huo huo ikafanya vile vile kwa aya zenye namba. Na walijua watu wataiba, watasoma aya zote mfululizo kabla ya wakati, kwa hiyo Wasteland ikaweka aya za uongo ndani yake, kuna hadithi nzima humo ya mambo ya Mars ambayo haipo popote kwenye gemu. Nawaambieni hivi kwa sababu toka enzi hizo watengenezaji walishajua kwamba maelezo yanasomwa kwa hamu yakija wakati umefika mlangoni na unataka kujua kuna nini ndani. Ukiyasoma kitandani mfululizo yanakuwa maneno tu.

Alafu kuna njia ambayo hujaitaja na naona ndo nyepesi kuliko zote, mhusika asiyejua kwa sababu alifungiwa. Fallout ya 1997. Umezaliwa Vault 13, chini ya ardhi, hujawahi kuliona jua. Kifaa cha kusafisha maji kimekufa, mkuu wa vault anakupa siku 150 utafute kingine, mlango unafunguliwa. Ujinga wako na ujinga wa mchezaji ni sawasawa, hakuna aliyesahau kitu. Na hatua ya kwanza kabisa nje ya mlango kuna mifupa ya mtu. Ukiibonyeza gemu inakwambia huyu ni Ed, amekufa. Basi. Hakuna anayekuelezea Ed ni nani, ila umeshaelewa kwamba kutoka kwenye huu mlango kuna watu kumewashinda, na saa inakimbia. Hata kitabu cha maelekezo kilichokuja na boksi kiliandikwa kama mwongozo wa kuokoka wanaopewa wakazi wa vault, yani mpaka maelezo ya vitufe yalikuwa sehemu ya dunia.

---

Nguchiro_Tz

Shukrani sana Binti_Sigil na mzee wangu Kibao. Ile ya kushangaa nimeielewa na nimeipenda. Lakini huyu wangu hakufungiwa wala hajasahau, ni mwenyeji, na nataka abaki mwenyeji kwa sababu stori yote inahusu mtu kugombana na watu anaowajua toka utoto. Nikimfanya mgeni gemu inakufa. Je kuna gemu ambayo shujaa anajua kila kitu na mchezaji hajui, na bado mambo yanakwenda?

---

MvitaRPG

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa hapa nawasoma toka asubuhi. Naona mnajadili mchezaji ajueje, mimi naona swali la kwanza ni nani anamwambia, na huyo anayemwambia ana haja gani. Nikiangalia gemu zote nilizozipenda, nilipochoka ni pale msemaji alikuwa hana haja yoyote, kasimama tu kama spika ya msikitini anasubiri nimbonyeze. Nilipokaa kitako kusikiliza ni pale msemaji alikuwa anataka kitu.

Chukua Morrowind, 2002. Unashuka melini Seyda Neen, mfungwa umeachiwa, hujui kwa nini. Karani wa ofisi ya sensa anakuuliza kazi, umezaliwa chini ya nyota gani, anajaza karatasi. Wewe unadhani unatengeneza mhusika, kumbe umeshaonyeshwa dola hii ni ya namna gani, dola ya makaratasi, hata mfungwa anatolewa kwa fomu na sahihi. Unatumwa mji wa Balmora kwa mtu anaitwa Caius Cosades. Huyu ndo anayejua mambo. Akueleze? Hakuelezi! Anakwambia nenda kwa Hasphat Antabolis kwenye chama cha wapiganaji, yeye anajua habari za unabii. Unakwenda, Hasphat naye anasema mimi nitakwambia lakini kwanza niletee kiboksi cha Wadwemer, watu wa kale waliotoweka, kutoka kwenye magofu ya Arkngthand. Unakwenda unapigana humo gizani, unakitafuta, unarudi, ndo anakupa maelezo. Halafu unapelekwa kwa Sharn gra-Muzgob wa chama cha wachawi, huyu naye anataka fuvu la mtu kutoka kaburi la ukoo fulani, na anataka limletewe kimya kimya.

Umeona? Yale maelezo ya dini na unabii ambayo gemu nyingine ingekutupia kwenye video ya mwanzo, hapa ndo malipo ya kazi. Umeyatolea jasho. Mimi niliyasoma karatasi zile za Hasphat neno kwa neno, na huwa si mtu wa kusoma sana.

Na jambo la pili, wanaokueleza hawakubaliani. Shujaa wa zamani Nerevar alikufaje? Hekalu linasema alikufa kwa majeraha ya vita vya Mlima Mwekundu. Waashlander, wale wahamaji, wanasema aliuawa na washauri wake watatu, ambao ndo hao hao hekalu linawaabudu kama miungu. Vivec, mmoja wa hao watatu, yuko hai, unaweza kumuuliza ana kwa ana na atakupa maneno yake. Na gemu haitoi hukumu mpaka mwisho. Kila anayekusimulia historia anatetea kiti chake, kwa hiyo ukisikiliza historia unajifunza na mtu anayesimulia. Nguchiro, wewe una koo tatu na vita moja. Usiandike historia ya vita, andika historia tatu za vita, na zote zisitimie.

Halafu kuna kitu kidogo nakipenda mpaka leo. Ukitoka Seyda Neen kwa miguu kufuata njia, unasikia mtu anapiga kelele juu angani, anaanguka puu mbele yako, amekufa. Ukimpekua unakuta shajara yake na hati za uchawi za kuruka, anaeleza alivyogundua njia ya kusafiri kwa kuruka mbali sana, ila mambo ya kutua hakuyafikiria. Ukizitumia na wewe utaruka mpaka mawingu, na usipojipanga utakufa kama yeye. Hakuna mtu mwingine yeyote anayelizungumzia jambo hilo. Lakini kuanzia hapo unajua katika nchi hii uchawi ni kitu ambacho watu wa kawaida wanajibunia nyumbani, na hakuna wa kukuzuia usijiue nao. Kama ni mwalimu angeandika ukurasa mzima.

---

kalamu_na_kodi

Naomba nijibu swali la Nguchiro la mwenyeji maana ndo nalofanyia kazi na mimi pia.

Zipo. Dragon Age: Origins ya BioWare, 2009, ina mianzo sita tofauti kulingana na unavyochagua mhusika, na yote wewe ni mwenyeji. Mimi nilianza na elfu (elf, wale viumbe wenye masikio marefu) wa mjini. Siku ile ni harusi yako, uko mtaani kwenu, mtaa uliozungushiwa ukuta ambao elfu wanaishi wamebanana. Watu wanakupongeza, baba yako yupo, binamu zako wapo, wote wanakujua na unawajua. Kisha mtoto wa mtawala anaingia na wenzake kwenye harusi, anachukua wanawake kwa nguvu mbele ya watu, na hakuna anayeweza kumzuia. Mtu haji kukwambia elfu wanaonewa. Gemu ina kamusi yake ya ndani yenye kurasa na kurasa za historia ya elfu na ukitaka utaisoma, ila mimi sikuihitaji, nilikuwa na hasira tayari na hasira ile ilinibeba hadi mwisho. Nilipokutana na mabwana wakubwa baadaye wanaongea kwa adabu nilikuwa nawaangalia kwa jicho lingine.

Nyingine ni Tyranny ya Obsidian, 2016. Hapo wewe si mgeni wa dunia ile, ni mtu wa serikali, unahukumu kwa niaba ya Tunon ambaye ni hakimu wa mtawala anaitwa Kyros. Unatakiwa ujue sheria zote! Walichofanya, kabla gemu haijaanza wanakuwekea ramani na miaka mitatu ya vita, kila hatua wanakuuliza ulifanya nini. Mji huu ulipozingirwa uliamua vipi, majeshi mawili yalipogombana ulimpa nani haki. Unachagua hujui sana unachokichagua, ila baada ya hapo kila unakopita watu wanakukumbuka kwa yale uliyochagua. Kwa hiyo historia unaijua kwa sababu wewe ndo uliyeifanya. Na sura ya kwanza unatumwa bondeni kusoma amri ya Kyros, unaisoma mwenyewe kwa sauti yako mbele ya majeshi, kwamba ngome ya waasi isipotekwa kabla ya siku fulani wote mlioko bondeni mtakufa, na wewe ukiwemo. Uchawi wa dunia ile unavyofanya kazi umeujua kwa kuwa umeutamka na sasa umekufunga.

Sasa turudi bandarini kwako. Mwenyeji hahitaji kuuliza, anahitaji kuchagua, na machaguo ndo yabebe maelezo. Mfano nimekuandikia haraka haraka, mhusika wako kapeleka mzigo forodhani:

KARANI: Leo umekuja mwenyewe? Juzi alikuja dada yako, hata salamu hakunipa.
KARANI: Mhuri wa nani?
— Wa Kasa, kama siku zote.
— Wa Nguru. Najua baba hatapenda.
— Usipige mhuri. Mzigo huu haujafika hapa.

Mistari michache hiyo mchezaji ameshajua kuna mihuri ya koo, ya kwenu ni Kasa, kuna ugomvi na Nguru, baba ni mkali, dada ana kiburi, na magendo yanawezekana. Hajasimuliwa. Amebonyeza. Akichagua Nguru, mzee aliye nyuma kwenye foleni aondoke bila kusema neno, na jioni nyumbani watu wawe wameshajua. Hapo ndo anaelewa uzito.

Na tumia salamu. Sisi tuna utajiri mkubwa kwenye salamu na sioni gemu inautumia. Nani anamwamkia nani kwanza, nani anaitikia kwa uvivu, mtu mzima wa ukoo wa Pweza anamwamkia kijana wa Kasa "shikamoo" na kijana anaitikia bila hata kugeuka, mchezaji wa huku kwetu atashtuka pale pale. Umemwonyesha cheo cha koo zote bila mstari hata mmoja wa maelezo. Mpe mchezaji nafasi ya kuchagua aamkie au asiamkie, utaona moto.

---

Msomaji_Mtulivu

Mimi nimesoma uzi wote na nina la kusema kwa sababu naona mnaanza kuwaonea wanaopenda kusoma. Sio kila mchezaji anabonyeza spesi. Kuna sisi ambao tukiingia kwenye nyumba ya mtu ndani ya gemu kitu cha kwanza tunaangalia rafu ya vitabu. Vitabu vya Morrowind, gemu aliyoitaja Mvita, nilivisoma vyote nilivyoviona, na vile vya Vivec, mahubiri yake 36, nilivirudia rudia kwa sababu havieleweki upesi. Nina furaha kwamba viko pale. Dunia ambayo haina cha kusoma pembeni kwangu inakuwa nyembamba kama pazia.

Kwa hiyo Nguchiro usichome daftari lako. Liweke, ila liweke kando ya njia. Tyranny aliyoitaja kalamu ina kitu kizuri, majina magumu kwenye mazungumzo yana rangi, ukiweka mausi juu yake kinatokea kiboksi kifupi kinakueleza, na mazungumzo hayajakatika. Pillars of Eternity II ya 2018 nayo inafanya hivyo. Anayejua anapita, asiyejua anasoma mistari miwili anaendelea. Kwa mhusika mwenyeji hii inafaa sana, kwa sababu kile kiboksi ni kama kumbukumbu ya mhusika mwenyewe, ye anajua tayari, wewe unachungulia tu.

Lakini kikubwa nilichotaka kusema ni bei ya chumvi. Umeitaja kama jambo dogo na mimi nikaruka kwenye kiti. Hiyo ndo dunia! Fallout: New Vegas ya 2010 pesa ziko tatu. Kuna vizibo vya chupa, kuna noti za NCR, ile jamhuri kubwa, kuna sarafu za Legion, jeshi linalopigana nayo. Noti za NCR thamani yake iko chini, na ukimkuta mfanyabiashara mkubwa wa Crimson Caravan ukimuuliza atakueleza kwamba Brotherhood, kundi lingine lenye silaha, walishambulia akiba ya dhahabu ya NCR, watu wakaanza kuogopa noti, wafanyabiashara wa mji wa Hub wakarudisha vizibo vikadhaminiwa na maji. Vita nzima, hofu ya watu, nguvu ya wafanyabiashara, yote umeishika mkononi mwako toka mwanzo wa gemu kabla hujaelezwa, kila ulipookota noti ukaona thamani yake ni ndogo kuliko vizibo. Mimi nilikwenda kumuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshaona noti zangu haziendi mbali. Pesa ilinituma nikaulize historia.

Weka chumvi yako iwe na bei tofauti kwa kila ukoo, usieleze kwa nini. Watauliza wenyewe.

---

MvitaRPG

Msomaji hapo kwenye chumvi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwenye viboksi vya rangi nina wasiwasi kidogo. Nimeona gemu mstari mmoja una majina manne yenye rangi, mwandishi anaona maadam kiboksi kipo basi anaweza kumwaga majina anavyotaka. Mchezaji anakuwa kama mtu anasoma huku anapekua kamusi. Kiboksi kisiwe ruhusa ya kuandika ovyo. Ukiona mstari hausomeki bila kiboksi, mstari ndo una shida.

Na kuhusu Joyce wa Disco ambaye hakuna aliyemtaja, naona ni vibaya tumalize uzi bila yeye. Yule mama kwenye boti ndo anayemweleza mpelelezi dunia nzima ilivyo, visiwa, mapinduzi, ule weupe unaotenganisha nchi. Ni maelezo marefu sana, kwa sheria zenu ingekuwa dhambi. Mbona hayachoshi? Kwa sababu amekuja pale kwa upande wa kampuni inayopambana na wagoma wa bandarini. Anakueleza kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyesoma, na kila sentensi unajiuliza huyu ananipa elimu au ananivuta upande wake. Na ukifika dirishani kwa Evrart wa chama cha wafanyakazi, naye ana dunia yake ya kukueleza. Halafu unatoka nje unamkuta mzee René na sare yake ya jeshi la mfalme, mfalme ambaye hayupo tena, anacheza tufe na rafiki yake wa utotoni. Kwa hiyo urefu haujawahi kuwa tatizo. Mtu ananieleza kwa sababu gani, hilo likiwa na jibu nitasikiliza saa nzima.

---

Binti_Sigil

Mvita hapo umemaliza kila kitu, ila nikusahihishe kidogo, Evrart hana dirisha, yuko ndani ya kontena na kiti anachokupa kukalia ni cha kukutesa makusudi hahaha. Hata kiti kina maelezo yake.

---

Nguchiro_Tz

Wakuu nawashukuru sana, nimekaa na daftari naandika toka jana. Yule mzee wa mwanzo namtoa. Historia ya vita nimeshaigawa mara tatu, ukoo wa Kasa wanasema walifungua bandari kuwaokoa watu na njaa, Nguru wanasema Kasa waliifungua ili waingize askari wa kukodi, Pweza hawataki kuizungumza kabisa na mtu akiitaja nyumbani kwao anaombwa aondoke. Karani wa kalamu_na_kodi namchukua alivyo kama utaniruhusu. Na bei ya chumvi Kasa wananunua nusu ya bei ya Pweza, sababu sisemi hata kwenu.

Swali la mwisho, laptopu yangu ni ya kizamani haina kadi ya picha. Katika hizi mlizotaja nianze na ipi ambayo itafunguka?

---

kalamu_na_kodi

Karani mchukue ni wako ndugu. Kwa laptopu ya hivyo anza na Torment, toleo lililoboreshwa la Beamdog la 2017, hata kwenye simu lipo. Fallout ya kwanza itafunguka bila wasiwasi. Morrowind tumia OpenMW, ni injini ya bure ila lazima uwe na mafaili ya gemu yenyewe uliyonunua, punguza umbali wa kuona kwenye mipangilio itakwenda. Tyranny itakupa shida kidogo kwenye mashine hiyo, iache mpaka upate nyingine. Ukishapandisha demo yako weka kiungo humu humu kwenye uzi, mimi nitaijaribu na sitabonyeza spesi.

---

Kibao_cha_Kale

Na mimi nitaijaribu. Ila kijana, ukifika kwenye dini mbili usisahau ushauri ule ule wa vita, kila dini isimuliwe na mtu anayekula kwayo, na mwingine aliyetoka.